Kamba Tatu Nyuma ya Hospitali

Ninyi wasichana mnaofua sasa pale hospitali ya Kitale, na wengine watakaokuja baada yenu, nawaandikia kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hivyo msicheke herufi. Kusoma nilisomea darasa la ubatizo, chini ya mwalimu aliyetupiga vidole kwa rula, na kuandika nilijifunza kwa kunakili mistari ya Biblia mpaka mkono ukazoea. Siku ya kuniaga mliniita bibi yenu, mkaniuliza, "Kukhu, ulikaaje hapa miaka yote hiyo, na kwako mambo yako vile, bila kupiga kelele?" Nikawajibu kwamba mdomo ulikuwa umejaa sabuni. Mkacheka, mkaenda zenu. Sasa niko nyumbani upande wa Chwele, magoti yamekataa kazi, na nina nafasi ya kuwajibu vizuri. Mkitaka habari za mshahara na vyeo muulizeni karani. Mimi nitasema habari ya maji na nguo, na habari ya kibanda kimoja cha nyasi kilichonitenga na watu, na jinsi mtu anavyoweza kukaa peke yake asiharibike.

Nilifika Kitale baada ya nzige kumaliza mahindi yetu. Mume wangu Barasa alikuwa ametangulia, analima na maksai wa mzungu mahali panapoitwa Kwanza, nje ya Kitale. Mimi nilikuwa na Wafula mgongoni, bado ananyonya. Hospitali ilitafuta mwanamke wa kufua kwa sababu wanaume wawili walikuwa wametoroka. Waliona ni mwiko kushika nguo za wanawake waliojifungua. Damu ya vita wangefua, lakini hiyo nyingine, ati ingewaondolea nguvu. Nikachukuliwa siku hiyohiyo, bila kuulizwa kama najua kufua. Walidhani kila mwanamke anajua. Sikujua. Nilijua kupiga nguo kwa jiwe mtoni, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Nyuma ya hospitali kulikuwa na mapipa matatu yaliyokatwa katikati na kamba tatu za kuanikia. Kamba ya mbele, penye jua la asubuhi, ilikuwa ya nguo za Wazungu. Ya katikati ilikuwa ya Wahindi. Ya tatu, karibu na choo, chini ya mkaratusi uliokuwa ukiangusha majani mwaka mzima, ilikuwa yetu. Nguo za wengine zilikuwa na uzi kwenye pembe: mwekundu kwa Wazungu, wa kijani kwa Wahindi. Zetu hazikuwekwa uzi. Nadhani waliona tutajijua wenyewe.

Aliyenifundisha ni Mzee Idi. Alikuwa Mnubi, Mwislamu, mwenye ndevu nyeupe fupi, aliyefulia askari tangu ujana wake. Aliniita Mama Wafula siku ya kwanza, ingawa nilikuwa msichana tu. Alisimama akanitazama nikisugua, mikono nyuma.

"Mama Wafula, unafua au unabembeleza?"

"Nafua, mzee."

"Basi hilo shuka bado halina habari."

Akakunja mikono ya kanzu akaingia mwenyewe. Alinifundisha kuloweka damu kwa maji baridi na chumvi, kamwe si ya moto, kwa sababu moto huipika damu ikabaki kwenye nguo mpaka nguo iishe. Hili mlishike. Alinifundisha kufunga buluu, ile ya kung'arisha nguo nyeupe, kwenye kitambaa na kuizungusha majini kidogo tu, maana ukiiacha shuka hutoka kama mbingu na sista hutoka kama radi. Wanga tulipika kwa unga wa muhogo, mwembamba, ukachujwa. Makaa ya pasi yawe ya muwati, hayarushi cheche. Ukipuliza jivu, geuza mdomo wa pasi mbali na nguo. Na kwa Kitale kila kitu kiwe kambani kabla ya saa sita, kwa sababu mvua ya mlimani haiulizi mtu.

Wiki yangu ya pili mvua ilitukimbilia mapema, ikapita. Mablanketi yetu yalikuwa mabichi chini ya mkaratusi, na kamba ya mbele ilikuwa tupu, ina jua bado. Nikachukua blanketi moja la mtoto aliyekuwa akitetemeka wodini, nikalianika mbele. Mimi niliona jua tu. Sista mkuu akapita. Hakupiga kelele. Alinyoosha kidole, akasema blanketi litolewe na kamba ichemshwe.

Kamba. Tukaifungua mtini, tukaitia kwenye pipa na magadi, tukachochea kuni. Mzee Idi alikoroga kwa mti, uso umetulia kabisa.

"Onja, Mama Wafula. Naona imeiva."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini nilipokuwa nikiirudisha ile kamba mtini nilikuwa nimeshajua nimefika mahali gani. Blanketi la yule mtoto lilikauka kesho yake.

Nimetaja darasa la ubatizo. Tulibatizwa pamoja, mimi na Barasa. Ilikuwa siku moja, mto mmoja, kabla ya kuoana. Yeye alivaa koti jeupe la kuazima, mimi nikafunga kitambaa cheupe kichwani, na hicho kitambaa sijakivua mpaka leo, isipokuwa kukifua. Barasa alikuwa mwimbaji. Sauti yake ilikuwa inatangulia kanisa zima. Kila nilipopata likizo tulikutana nyumbani, yeye akitoka Kwanza na mimi Kitale, na Jumapili tuliketi, yeye upande wa wanaume na mimi upande wa wanawake, na nilijua yuko wapi bila kugeuka.

Kwa sababu nilikuwa mfuaji wa hospitali, wazee wa kanisa walinipa kitambaa cha meza ya Bwana. Kilikuwa cha kitani, kizito, kina msalaba umeshonwa katikati. Kila baada ya ushirika nilikipeleka Kitale kimefungwa kwenye karatasi, nikakifua kwa beseni langu mwenyewe, si pipa la mtu yeyote, nikakipiga pasi kikiwa na unyevu kidogo, nikakirudisha. Kazi nyingine zote nilifanya kwa kutumwa. Hiyo nilifanya kama mtu anayekwenda nyumbani.

Halafu vikaja vita vya pili, Barasa akapelekwa mbali kule kwenye misitu, kupigana na Wajapani. Alirudi na koti la jeshi, kikohozi, na kimya. Aliambiwa atapata shamba. Hakupata. Alirudi kulima na maksai walewale, shamba lilelile, ambamo babu yake alichungia ng'ombe. Mnajua mambo ya wakati huo, sitayarudia. Akaanza kwenda kwa watu waliokuwa wakiomba wakitazama mlima, waliosema ardhi yetu iliibwa, tuache vitu vya wazungu, turudi kwa Mungu wa babu zetu na kwa mizimu. Habari ya ardhi hawakusema uongo, nami sikumwambia Barasa ni uongo. Tuligombania Yesu, hatukugombania ardhi.

Likizo moja nilifika nyumbani nikakuta amejenga namwima mbele ya nyumba. Kwetu sisi Wabukusu namwima ni kibanda kidogo cha nyasi ambapo mwenye boma huweka pombe na nyama kwa ajili ya waliokufa. Babu zangu walikuwa nacho, baba yangu alikivunja siku alipoamini. Sasa kilikuwa mbele ya mlango wangu, nyasi bado mbichi.

"Ondoa hicho kitambaa kichwani," Barasa akaniambia.

"Baba Wafula, nilikifunga siku uliyovaa lile koti jeupe. Maji yalikuwa yaleyale."

"Yangu yamekauka."

"Yangu bado."

Hakunipiga. Ningetaka mjue hilo, maana watu husema. Alichofanya ni kukataa chakula changu. Nilipika, nikapeleka, na sahani ikarudi vile ilivyokwenda. Mwanamke wa kwetu anajua maana yake. Unaweza kuwa na nyumba, na watoto, na jina la mume, na sahani ikirudi imejaa, umeachwa. Tena akasema nisifue nguo zake kwa sabuni. Akazifua mwenyewe mtoni, kwa jivu, vibaya sana. Niliona mashati ya mume wangu yakigeuka rangi ya udongo, mimi ambaye nilikuwa nang'arisha mashuka ya watu nisiowajua.

Wazee wa kanisa wakasikia. Mzee Yohana, aliyekuwa mkubwa wao, akaja na wenzake wawili, wakaketi kwenye viti, wakakataa chai.

"Dada Rebeka, tumekuja kuchukua kitambaa."

"Bado sijakipiga pasi."

"Kitapigwa na mwingine. Kitambaa cha Bwana hakiwezi kutoka kwenye boma la mizimu."

"Sikifulii hapa, mzee. Nakifulia Kitale."

"Lakini wewe unatoka hapa."

"Natoka hapa ndiyo."

"Basi. Mwambie mumeo abomoe, au wewe utoke. Mpaka hapo utaketi nyuma, na mkate hutapewa."

Nilikitoa kitambaa kwenye kikapu nikampa. Kilikuwa kimekunjamana. Nililia kwa sababu ya ile mikunjo kwanza, ya mengine nikalia baadaye.

Kwa hivyo nilirudi Kitale hivyo. Kwa Barasa mimi ni mtu wa wazungu. Kwa kanisa mimi ni mtu wa mizimu. Kwa wazungu wenyewe mimi ni mkono wa kufua ambao mahali pake ni kamba ya tatu. Kanisa la Kitale nalo lilipata habari kabla ya mimi kushuka kwenye lori, maana habari mbaya hailipi nauli. Jumapili waliimba ng'ambo ya barabara, nami nilikuwa chumbani nasikia. Chumba changu kilikuwa na kitanda, beseni, na dirisha linalotazama zile kamba. Wafula na wadogo zake walikuwa shuleni na kwa mama yangu. Nilipika kidogo, nikala nimesimama. Ukipika chakula cha mtu mmoja kwa muda mrefu, mkono husahau kipimo cha watu wawili.

Mnasema nilikuwa nimetulia. Sikuwa nimetulia. Nilikuwa nimechoka, na watu hawajui tofauti.

Jumapili moja nilishindwa kukaa chumbani, nikaenda kukunja mashuka ya zamu ya kesho. Mzee Idi alikuwepo. Yeye hakuwa na Jumapili.

"Wenzako wanaimba, Mama Wafula."

"Wanaimba, mzee."

"Na wewe?"

"Nakunja."

Akanitazama kidogo. Wakati wa sala yake ulikuwa umefika, akatandika mkeka kati ya kamba ya pili na ya tatu, kama kila siku. Halafu akaita bila kugeuka, "Upande wa huko hakuna mtu. Na wewe sema na Mungu wako, mashuka hayatakimbia. Ila usiniombee nibatizwe, maji ya mwezi huu ni baridi."

"Nawe usiniombee nisilimu, nina kazi ya kutosha ya kufua kanzu zako."

Nikapiga magoti chini ya mkaratusi. Nilitazama beseni langu lililokuwa pale, nikakumbuka Bwana Yesu usiku ule alipojifunga kitambaa akaosha miguu ya wanafunzi. Nimesikia hiyo habari mara nyingi ikihubiriwa. Lakini mimi ni mfuaji, nikawaza kama mfuaji: wanafunzi kumi na wawili, na beseni lilikuwa moja. Hata yule wa kumsaliti, maji yake hayakutengwa. Na Bwana alijua. Nikakaa hapo na hilo jambo. Hapakutokea mwanga wala sauti. Majani yaliniangukia kichwani, nikasikia nimeketi mahali ambapo sifukuzwi. Tangu siku hiyo niliomba hapo kila Jumapili, na hiyo ndiyo amani mliyokuwa mnaniuliza. Upweke haukuondoka, msije mkadanganywa na mtu. Ulipata mahali pa kukaa tu.

Baadaye serikali ikaanza kuwakamata wale watu wa mlimani. Wafula, ambaye sasa alikuwa kijana, akanitumia habari kwa dereva wa lori la mahindi: Baba amechukuliwa, amepelekwa jela ya mbali, pwani. Niliomba ruhusa nikaenda nyumbani. Boma lilikuwa kimya. Kile kibanda kilikuwa kimesimama peke yake mbele ya mlango, nyasi zimeanza kulegea upande mmoja.

Jumamosi nilikuwa nimekaa uani napukuchua mahindi. Nikasikia nyimbo. Walikuja wengi, Mzee Yohana mbele, na wanawake tuliobatizwa nao, na kijana mmoja amebeba debe la mafuta ya taa.

"Dada Rebeka," Mzee Yohana akasema, uso unang'aa, "leo umefunguliwa! Adui ameondolewa. Tumekuja kuondoa hii takataka, nawe Jumapili ukae mbele, ushike kitambaa chako tena."

Sikilizeni, wasichana. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka. Kila Jumapili chini ya mkaratusi nililitaka. Sikuwahi kukipenda kile kibanda. Nilikipita kila asubuhi nimegeuza uso. Lakini nilijua jambo moja: wakikichoma, Barasa hatarudi tena kwangu, hata jela ikimfungua. Angerudi akute majivu mbele ya mlango wa mkewe, na angejua nani alifungua lango.

"Mwenyewe hayupo," nikasema.

"Ndiyo maana tumekuja."

"Mngekuja akiwepo ningewapikia chai, mkaambiana ana kwa ana. Akiwa jela hapana."

"Unatetea mizimu?"

"Sitetei mizimu. Mizimu kama ipo ijitetee. Nalinda kitu cha mtu ambaye hayupo."

"Ni kitu cha Shetani, dada!"

"Mzee Yohana, nyumbani kwako hakuna kitu ambacho mkeo hakitaki?"

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Ugoro!" Wengine wakaziba midomo. Mke wa Mzee Yohana mwenyewe alikuwepo, akainamisha kichwa, mabega yanatikisika.

"Basi ukienda safari," nikasema, "nije na debe nikuchomee kibweta chako cha ugoro?"

Hapo alikasirika kweli. Akamwambia kijana amwage mafuta. Mimi nikainuka, nikachukua ungo wangu na mahindi, nikaenda nikaketi mbele ya mlango wa namwima, mgongo kwa kile kibanda, uso kwa watu. Nikaendelea kupukuchua. Kijana akasimama na debe, hajui amwage wapi. Wakaimba. Ule wimbo ulikuwa mzuri, Barasa alizoea kuutangulia, na mimi nikaimba nao. Hawakutarajia. Wengine walinyamaza, wengine waliendelea. Nilijua wanaweza kuwasha, na mafuta ya taa hayachagui. Nilijua pia Bwana wangu anaona nimekaa wapi na kwa nini, na sikuhitaji mtu mwingine aone. Nimefua maisha yangu yote, na sijapata kuwa safi kama mahali pale, nimeegemea kibanda cha mizimu.

Mzee Yohana akasema, "Umechagua."

"Nimechagua kuketi, mzee. Karibuni chai."

Hawakunywa. Jumapili walisoma jina langu mbele ya kanisa, likaondolewa. Baada ya hapo hata sokoni Chwele, mwanamke tuliyebatizwa naye alinisalimia kwa kichwa, hakutoa mkono. Na ndugu za Barasa hawakunishukuru, maana kwao mke wa Kikristo aliyekalia mlango wa namwima alikuwa amekitia unajisi. Wakasema wataleta mzee wa kukisafisha. Niliwaambia walete na nyasi, upande mmoja unavuja.

Miaka iliyofuata nilifanya kazi. Mzee Idi aliondoka kwenda kufia kwao Bombo, Uganda, alivyosema mwenyewe. Siku ya mwisho alinipa pasi yake ya makaa, ile yenye jogoo wa shaba kwenye kifuniko, akasema, "Usiichemshe tu." Nilipewa funguo za stoo ya sabuni, na hayo mengine ya vyeo nilisema sitayasimulia. Hospitali ilileta tangi la mvuke na mashine ya kukamua. Jifunzeni kuitunza, na msitie vidole. Lakini mashine haikubadilisha zile kamba. Mpaka naondoka zilikuwa tatu. Mkaratusi ule ulikatwa, na hiyo ndiyo nafuu tuliyopata.

Jumapili nilikuwa peke yangu kati ya kamba. Nilimkosa Mzee Idi kuliko nilivyodhani. Hata leo adhuhuri ikifika, sikio langu husubiri mkeka wake.

Barasa alirudi wakati wa kupalilia. Nilikuwa likizoni. Alisimama langoni, mwembamba, mvi kichwa kizima, amevaa shati la jela lililofutika rangi. Hakuja kwangu. Alikwenda mbele ya kile kibanda akakitazama, akashika nyasi kwa mkono. Nyingine zilikuwa mpya.

"Walisema pwani kwamba vyote vimechomwa," akasema. "Maboma yote ya huku."

"Vingi vilichomwa."

"Hiki?"

"Walikuja."

"Na?"

"Nilikuwa napukuchua mahindi hapo."

Alikitazama kitambaa changu kichwani. Akaketi kwenye kigoda, nje, maana mtu aliyetoka jela haingii nyumba mpaka wazee wamtakase, na mimi sikumwambia aingie. Nilipika ugali na kunde. Mkono wangu ulikuwa umesahau kipimo, nikapika mwingi mno. Nikamletea nje, nikageuka niende nisije nikaona sahani ikirudi.

"Mama Wafula," akaniita. "Chumvi."

Nikaleta chumvi. Akala. Akamaliza. Halafu akavua lile shati, akanipa bila kunitazama.

"Ufue."

"Kwa sabuni?"

"Kwani una kitu kingine? Si wewe ni dobi wa wazungu, bana."

Nikalifua siku hiyohiyo, maji baridi na chumvi kwanza.

Hakurudi kanisani. Nami sikuimwagia mizimu pombe. Alikwenda kwa namwima yake asubuhi, mimi nikapiga magoti chumbani, kisha tukanywa chai pamoja. Nilimwombea kila siku na alijua, akakohoa kwa nguvu ili nijue anajua. Mzee Yohana alikufa, akaja mchungaji kijana akanirudisha kwenye benchi na mkate nikapewa. Kitambaa cha meza hawakunirudishia. Kinafuliwa na mwingine, nami nikikitazama kutoka nilipokaa naona kabisa buluu imezidi.

Barasa alikufa mwaka huu, kwa kile kikohozi, kabla tu ya mimi kustaafu. Alikuwa ameshika mkono wangu. Hakusema neno la kuwafurahisha watu wa kanisa, wala la kuwafurahisha watu wa mlimani. Alisema maji. Nikampa. Aliamini nini saa ile sijui. Nimemwachia anayejua.

Walikuja kumzika wote. Wa kanisa waliketi upande mmoja wa ua, wa mlimani upande wa pili, na wale wa misa, ambao ndio kanisa la mke wa Wafula, karibu na ghala. Kila upande uliimba wake. Hawakupigana, kwa sababu nilipita katikati kila mara na birika. Kibanda hawakukigusa. Kimesimama mpaka leo, na mvua ikikiangusha itakuwa ni mvua.

Baada ya kunyoa nywele, siku ambayo kwetu nyumba ya msiba husafishwa, wake za wanangu walifua mablanketi yaliyolaliwa na wageni, na nguo za marehemu. Nilitoka nje na fimbo yangu kutazama. Mke wa Wafula, wa misa, ameanika za kwake kwenye waya. Mke wa Wanjala, ambaye baba yake ni mtu wa mlimani, ameanika kwenye ua wa minyaa. Mke wa Simiyu, wa kanisa langu, ametandaza kwenye majani karibu na choo, kwa sababu amefika wa mwisho. Hakuna aliyewaambia. Walifanya tu, wakipishana kimya, na shati la Barasa likiwa limebaki kwenye karai, kila mmoja anangoja mwingine aliguse.

Nikaona kamba tatu za Kitale zimenifuata mpaka nyumbani.

Nilichukua lile shati, nikalikung'uta, nikalibana katikati ya waya kwa pegi mbili. Kisha nikawaita wote, na wanaume wao, na watoto, nikawaambia: "Toeni nguo kwenye ua na kwenye majani, mlete hapa. Katika boma hili nguo zote zitaanikwa kamba moja, na anayeona yake haiwezi kugusana na ya mwenzake, aivae mbichi."